Upande wa Mchele, Upande wa Sufuria

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu. Nililijibu kwa ujanja, na jibu lile likanifuata miaka yote hadi nikastaafu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Kalimabenge hapa Uvira, chenye meza, benchi na boti ya mpira iliyokunjwa pembeni ikinuka tairi jipya. Nyuma ya meza alikaa Mkurugenzi, mtu mnene mwenye haraka. Alikuwa ameuza vipuri vya pikipiki nusu ya maisha yake, hadi siku alipokwenda Jinja kumwona shemeji yake akakuta watu wazima, wenye akili timamu, wanapanga foleni ili warushwe huku na huku na mto. Alirudi na boti mbili na hamu isiyopoa.

Alinitazama, akaitazama na mizani ya ndoano niliyokuja nayo chini ya kwapa.

“Mama Zaina, weye unajua kuogelea?”

“Ah, Direktere! Minye niko mutoto ya Uvira!”

Akacheka, akaandika kwenye karatasi yake kwamba ninajua. Uongo sikusema, maana Uvira ndiko nilikozaliwa. Lakini wazee wetu walikuja na marobota ya nguo wakivuka ziwa, wakafungua maduka, na katika ukoo wetu ziwa lilihesabiwa kuwa barabara ya kuletea mali. Hakuna mtu anayejitupa barabarani kwa raha zake. Mimi nilioga kwa ndoo tangu utoto, na maji yaliponifika magotini nilianza kusoma dua.

Cheo changu kilikuwa shefu wa lojistiki, yaani mpangaji wa safari. Nilikipata kwa sababu ya mizani. Kwa miaka mingi nilikuwa nimesimamia depo ya kaka yangu, nikipokea mchele wa Sange na muhogo wa Runingu, na mjini ilijulikana kwamba Zaina akiinua gunia kwa mkono mmoja anaweza kukuambia limepunjwa kiasi gani. Mkurugenzi alidhani kupanga safari ya mto ni kama kupakia lori. Hakukosea sana, ila lori likipinduka unaweza kukaa kando ya njia ukalia vizuri.

Bosi wangu wa pili, niliyefanya naye kazi kila siku, alikuwa Kapita wa Maji. Ndiye aliyeshika usukani wa boti na kuamuru wapiga kafi. Alizaliwa Kigoma, akajifunza kazi Uganda, mwembamba kama ufito wa uzio. Nchi kavu alikuwa mpole hata ukasahau kwamba yupo chumbani. Ndani ya maji sauti yake ilisikika mashamba matatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba safari ya mto hupangwa kuanzia mwisho. Kwanza unatafuta mahali pa kutokea, ambapo boti zitapandishwa na lori litafika. Petu palikuwa karibu na daraja la Runingu, kwenye barabara kuu. Kisha unapanda mlima kwa miguu ukifuata mto, unachagua mahali pa kupiga kambi. Hapo huangalii uzuri wa majani. Unaangalia takataka zilizonasa kwenye matawi, kwa sababu zinakuonyesha mafuriko ya mwisho yalifika wapi, na wewe unaweka hema juu zaidi ya hapo. Kila mahali unauliza njia ya dharura: mtu akivunjika mguu hapa, atabebwa kupitia wapi hadi barabarani? Baadaye zinakuja karatasi: barua kwa kila shefu wa kijiji, na karatasi ya njia ambayo maofisini wanaiita foyi de ruti, yenye jina la kila msafiri na mihuri iliyotapakaa kama ndui.

Mwisho kabisa ni mzigo. Boti ya mpira haipendi upendeleo, ukiupa upande mmoja zaidi, inakulipa kwenye jiwe la kwanza. Baada ya kupima na kupima tena niliamua hivi: mchele na unga, katika mifuko isiyoingiza maji, vinafungwa kushoto, sufuria, makaa na vyombo vinafungwa kulia. Uzito ulikuwa sawasawa, na kila kitu kilifungwa mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau kufunga kikapu cha vitunguu.

“Mama Zaina,” Kapita aliniambia kwa upole wake wa nchi kavu, “kama hukukifunga, usikiandike kwenye orodha. Hicho ni cha samaki.”

Safari yetu ilikuwa ya siku nne: moja ya kupanda hadi Rurambo, tatu za kushuka na mto. Swali la kwanza lilikuwa boti itapandaje mlima usio na njia ya gari. Nikakumbuka kipoyi, kile kitanda cha miti ambacho watu wa milimani humbebea mgonjwa. Tukaikunja boti, tukaifunga kwa turubai jeupe, tukaiweka kwenye kipoyi, na wabebaji wanane wakaipandisha mabegani. Nilijisifu kimoyomoyo hadi tulipofika kijiji cha kwanza. Wanaume walivua kofia. Wanawake waliacha majembe wakaja kandokando ya njia, mikono kichwani. Mama mmoja alinishika bega, machozi yakimlengalenga.

“Pole, dada. Marehemu alikuwa nani yako?”

“Iko boti, mama.”

“Ni jina ya kwao?”

Tulipofika juu tulikuwa na waombolezaji zaidi ya ishirini nyuma yetu, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kuanzisha wimbo. Mzee mmoja mfugaji, mwenye fimbo na koti zito, alitaka kuona uso wa maiti kabla hajaruhusu tupite kwenye malisho yake. Tulifungua turubai. Aliugonga ule mpira wa buluu kwa fimbo.

“Muko na ziwa huko chini,” alisema, “ziwa muzima! Na munaleta bwato kwa ng'ombe?”

Safari zilizofuata tulitumia turubai la kijani.

Wateja wetu wa kwanza walikuwa walimu wa Sange. Mimi niliwaandaa, nikawapima, nikawaona wakiingia majini kule juu, kisha nikateremka kwa miguu na wapishi, maana mpangaji hutangulia kambini. Ndivyo nilivyowaambia watu, na ilikuwa kweli nusu. Siku ya nne nilikuwa darajani Runingu nasonga ugali wakati boti ilipotokea. Mwalimu Furaha, anayefundisha darasa la kwanza, alikuwa amelowa hadi ukucha na kiatu kimoja hakipo. Alishuka na kuja kwangu moja kwa moja.

“Shefu, ule muntu yenu ni wa namna gani? Tulifika fasi ya maji mukali, akaanza kupiga makelele: ‘Kulia! Kulia!’ Minye nikasema, basi, tumekwisha kufa, anatuambia tulie. Nikaacha kafi, nikalia!”

Alikuwa amelia kwa mikono yote miwili usoni, na boti ilipogonga jiwe hakuwa ameshika chochote. Mto ukamchukua. Kapita alimrushia kamba na kumvuta akiwa bado analia, safari hii kwa sababu zake mwenyewe.

“Kulia ni huu!” Kapita alipiga kelele akiinua mkono. “Mkono wa kulia! Mkono wa kulia chakula!”

“Ule ni mukono ya kuume,” Mwalimu Furaha alimjibu kwa sauti ya darasani. “Kulia ni machozi.”

Wapishi walicheka hadi wakaketi chini, na mimi nikacheka nao. Kapita hakucheka. Alinivuta kando ya moto.

“Ulipanga vitunguu, ukapanga mihuri,” alisema. “Maneno nani aliyapanga? Neno likichelewa kidogo tu, mtu anakufa. Leo tumebahatika.”

Usiniambie haikuwa kazi yangu. Mama wa watu alikuwa ameingia majini kwa sababu ya neno moja, na orodha yote niliiandika mimi. Niliogopa kama nilivyokuwa sijaogopa tangu nizae.

Tukafanya mkutano ofisini. Tulijaribu “kuume”, lakini Kapita akishtuka alirudia cha kwao, kama mtu yeyote anavyofanya akikanyaga msumari. Tulijaribu Kifaransa, “goshi” kwa kushoto na “druati” kwa kulia, tukagundua kwamba nusu ya wapiga kafi hawajui na Mkurugenzi anajua kinyume. Hapo ndipo nilipotoa wazo ambalo lilinipatia makofi. Mto wetu unashuka kutoka milimani kwenda bondeni. Ukikaa botini ukatazama unakokwenda, Sange iko kushoto kwako na Uvira iko upande wa pili. Hakuna mtu wa bonde hili asiyejua Sange iko wapi na Uvira iko wapi, hata umfunge macho umzungushe. Basi wa kushoto waitwe Sange, wa upande wa pili waitwe Uvira. “Vuta” ni kupiga kafi kwenda mbele, “sukuma” ni kurudi nyuma. Mkurugenzi alipiga meza kwa furaha.

“Mama Zaina, weye uko na kichwa!”

Kwa misimu miwili majina hayo yalifanya kazi bila kasoro. “Sange, vuta! Uvira, vuta!” Hata watoto wa Runingu walisimama darajani kushangilia timu zao, na Sange, nasema hili kwa uchungu, ilishangiliwa zaidi.

Kisha akaja Mkaguzi. Tulikuwa tumefanya kazi kwa ruhusa ya muda, na yeye alitumwa kutoka Bukavu kuamua kama tutapewa ya kudumu. Alikuwa mtu wa haki, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alisoma kila karatasi yangu mpaka nukta ya mwisho. Alizisifu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kutabasamu alipouliza:

“Mupangaji anakaa fasi gani mu bwato?”

“Mpangaji hutangulia kambini,” nilisema.

“Hapana. Minye sipandi bwato yenye muntu aliyeipanga anaikimbia. Apande naye. Akikataa, ninafunga dosie.”

Kufunga dosie maana yake ni kufunga ofisi. Wabebaji wa Rurambo, wapishi, Kapita, mimi na mizani yangu, wote tungerudi nyumbani. Mkurugenzi alinipiga bega, akacheka kwa raha. “Hakuna tatizo! Mama Zaina ni samaki!”

Nilikwenda Rurambo na yule samaki tumboni. Asubuhi ya kuingia majini nilimwita Kapita nyuma ya zizi la ng'ombe, nikamwambia ukweli kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilimwambia sijui kuogelea, sijawahi kujua, na kwamba nimekuwa nikipeleka watoto wa wenzangu mahali ambapo mimi mwenyewe sina ujasiri wa kuchovya kifundo cha mguu. Nililia, na ningekuomba usinichekee hapo.

“Najua,” alisema.

“Tangu lini?”

“Tangu vitunguu. Tangu siku ile unauliza mara tatu kama kamba imefungwa. Anayejua kuogelea huuliza mara moja.” Akanivalisha jaketi la kuelea, akaikaza mikanda mpaka nikakohoa. “Ndiyo maana naamini mafundo yako. Na hili jaketi linajua kuogelea. Wewe lishike tu.”

Tulikuwa sita. Upande wa kushoto, yaani Sange, walikaa Pasta wa kanisa la Runingu na Mwalimu Furaha, aliyerudi kwa ukaidi akitafuta, alivyosema, kiatu chake. Upande wa Uvira walikaa Mkaguzi na Mkurugenzi. Kapita alikuwa nyuma na usukani. Mimi nililazwa katikati, mchele ubavu huu, sufuria ubavu huu, nimeshika kamba zangu mwenyewe. Siku mbili sikuona mto. Niliona turubai, na nikasoma dua zote ninazozijua, kisha nikarudia zile fupi.

Siku ya mwisho tulifika pale ng'ombe wanapovukia, mto unapobanwa kati ya majabali mawili. Katikati ya njia kuna jiwe jeusi, na mvua ya milimani ilikuwa imeongeza maji. Tuligonga ubavu. Boti ikageuka, ikazunguka nusu mzunguko, tukaanza kushuka kinyumenyume.

“Sange, vuta!” Kapita alinguruma. “Uvira, sukuma!”

Hakuna aliyejua afanye nini. Tulikuwa tumegeuka! Waliokuwa upande wa Sange sasa walikuwa upande wa Uvira, na wa Uvira walikuwa Sange.

“Ni minye ama ni weye?” Mkurugenzi alimuuliza Mkaguzi.

“Minye nilikaa Sange tangu juu!” Pasta alitangaza. “Sihami!”

“Hapana, Pasta, Sange iko pale!” Mwalimu Furaha alimwonyesha kwa kafi, na kafi iliyo hewani haipigi maji.

“Basi sasa minye niko muntu wa fasi gani?” Mkaguzi aliuliza, na kwa mara ya kwanza niliona miwani yake imeinuka hadi kwenye nywele.

Nilitoa kichwa. Niliona jiwe la pili, kubwa kuliko nyumba yangu, tunalifuata kwa mgongo. Niliona watu wanne wenye kafi juu, wanabishana jiografia, na moyo wangu ukaniambia wazi: hawa wanakufa kwa neno lako, Zaina. Hapo mkono wangu wa kushoto ulikuwa umebana mfuko wa mchele. Mchele ulikuwa palepale nilipoufunga Rurambo. Boti imezunguka, Sange imehama, Uvira imehama, na mchele haujahama.

“MUCHELE!” nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. “Walio ku muchele, vuta! Walio ku sufuria, sukuma!”

Pasta alitazama chini, akaona mchele. Mkaguzi alitazama chini, akaona sufuria. Kafi nne zikaingia majini kwa pamoja. Kapita akadaka neno kabla halijapoa: “Mchele, vuta! Vuta! Sufuria, sukuma!” Boti ikageuza pua, ikalipita lile jiwe karibu kiasi kwamba Mkurugenzi aliliaga kwa kiganja.

Mtoni palipotulia, kafi zikawekwa magotini. Kisha Mkaguzi akashusha miwani.

“Mupangaji, weye ulijifunzia wapi mambo ya maji?”

“Minye sijui hata kuogelea,” nilisema. Nilikuwa nimechoka kubeba ile siri.

Mkurugenzi aligeuka na uzito wake wote, tukainama upande wa sufuria. “Nini? Ulisema uko mutoto ya Uvira!”

“Niko!”

Kicheko cha Kapita kilianza nyuma kama injini baridi, kikatufikia wote. Mkaguzi alitupa ruhusa ya kudumu, na katika masharti yake aliandika kwa mkono wake, akapiga muhuri, kwamba pande za boti zitaitwa mchele na sufuria, na kwamba mpangaji atapanda angalau safari moja kila msimu. Nilipanda kila msimu. Kuogelea sikujifunza, lakini nilianza kufungua macho, na nikagundua mto wetu ni mzuri sana ukiutazama.

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Siku ya kuniaga walinipa kafi, imeandikwa jina langu, na leo naitumia kusongea ugali kwenye arusi za mtaa, kazi inayoifaa zaidi. Mizani nimebaki nayo. Vijana wakiniuliza siri ya kazi ile nawaambia: panga kuanzia mwisho, funga mara mbili, na swali lile unaloliogopa, wajibu watu ukweli siku ya kwanza. Mimi nilichelewa, na nusura wengine wanilipie.

Msimu uliopita nilikwenda Runingu kwa mjukuu wangu, nikasimama karibu na daraja. Boti za sasa ni mpya. Chakula kimo kwenye masanduku ya plastiki katikati, wanapika kwa gesi, na ndani yake hamna punje ya mchele wala sufuria. Kapita wao ni binti wa Sange mwenye kofia ngumu, alikuwa akiwafundisha wageni.

“Huku ni mchele, kule ni sufuria. Musiniulize kwa nini. Ni kiswahili ya mutoni, ya zamani sana.”

Nikacheka peke yangu. Aliniona, akadhani naonea wivu vijana, akaniita kwa heshima.

“Bibi, iko nafasi moja, tunashuka kidogo tu hapa maji ni polepole. Unataka?” Akachukua karatasi na kalamu. “Jina?”

“Zaina.”

“Unajua kuogelea?”

Kalamu yake ilingoja. Maji yalikuwa yakipita chini ya daraja, na mimi nina nywele nyeupe.

“Mutoto wangu,” nilimwambia, “minye niko mutoto ya Uvira. Kuogelea, hapana. Andika hivyo.”

Aliandika. Akanivalisha jaketi, akaikaza mikanda mpaka nikakohoa, akanishika mkono na kunikalisha upande wa mchele.